Safari kalipa ofisi, maili zimeingia kwako: ni halali yako au unakula cha mwajiri?

Mzee wa Masurufu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo idara ya fedha kwenye asasi moja hapa Dar, zile zinazoishi kwa hela za wafadhili. Tunaandika upya sera ya safari, na kikao cha juzi kimekwama kwenye kifungu nilichodhani tutakimaliza kabla chai haijapoa: mtumishi akisafiri kwa tiketi ya ofisi, maili za ndege ni za nani?

Kwa wasiofuatilia, mambo yako hivi. Unajiunga bure na mpango wa shirika la ndege, unapewa namba ya uanachama, na kila ukisafiri namba hiyo inaingizwa kwenye tiketi. Maili zinajilimbikiza. Zikitosha unazigeuza tiketi, au unapandishwa daraja, au unaongezewa kilo za mzigo. American Airlines ndio walioupa mchezo huu sura tunayoijua, Mei 1981, kwa mpango wao wa AAdvantage, na United wakafuata mwezi huohuo. Kwa sisi wa huku leo ni Skywards ya Emirates, ShebaMiles ya Ethiopian, Flying Blue ya Air France na KLM, Miles&Smiles ya Turkish, Asante Rewards ya Kenya Airways.

Anayejilipia nauli ana breki yake tayari, nayo ni bei. Atapenda maili, lakini ndege nyingine ikiwa na nafuu ya dola mia mbili atapanda hiyo nyingine. Mtu wa ofisi breki hiyo hana. Nauli inatoka kwa mwajiri, zawadi inaingia kwake. Na mashirika ya ndege yanajua vizuri sana nani anasafiri mara kwa mara kwa hela isiyo yake.

Hata hivyo, msimamo wangu ni kwamba maili abaki nazo msafiri. Mtoto ametumwa sukari kwa Mangi. Mangi kampimia sukari, juu yake kamwekea pipi. Hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayesimama mlangoni kuidai pipi ile. Lakini mtoto akianza kuyapita maduka mawili yenye sukari ya bei nafuu ili amfikie Mangi wa pipi, hapo mzazi ana kesi, na kesi yenyewe ni ya sukari. Pipi bado haimhusu.

Mkurugenzi wetu anataka maili zote zirudi ofisini. Mkaguzi wa mfadhili anataka tuandike chochote ilimradi kiwe kimeandikwa. Nyie mnaonaje? Tujadili bila mihemko.

Kitunguu Swaumu

Navuta kiti.

Bi Transiti

Mkurugenzi wako anasafiri au anasaini tu? Maana wanaotaka maili zirudi ofisini mara nyingi ni wale ambao hawajawahi kulala kwenye viti vya uwanja wa ndege wa Bole, Addis Ababa, saa tisa usiku wakisubiri ndege ya kuunganisha.

Mimi nasafiri sana, tena kwa kazi. Ninaondoka Jumapili ili Jumatatu niwe kikaoni, na hiyo Jumapili hakuna anayenilipa. Mtoto anaumwa nipo nchi ya watu. Posho wakati mwingine inaingia nimesharudi, nimekopa kwa shemeji. Halafu mtu aje aniambie maili ni mali ya ofisi? Ofisi ilikaa kwenye kile kiti kwa niaba yangu?

Halafu kuna jambo watu wa fedha hamlijui. Maili za kununulia tiketi ni kitu kimoja, hadhi ya uanachama ni kingine. Ukifika daraja la fedha au dhahabu unapata kilo za ziada, foleni fupi, na sehemu ya kupumzikia. Zile kilo za ziada ndizo zinazobeba vipeperushi na fulana zenu za mradi bila kulipiwa. Hadhi nayo nitairudishaje stoo?

Mzee wa Masurufu

Bi Transiti, kwenye hadhi umenikamata, hilo halirudishiki na wala sioni sababu ya kujaribu.

Ila kwenye fidia sikubaliani nawe. Jumapili yako ina haki ya kulipwa, basi idai iandikwe kwenye sera: siku ya mapumziko, au posho iingie kabla ya safari. Fidia ya chini kwa chini inampata mtu wa Geneva na Washington. Afisa wetu wa mradi anayeshinda kwenye basi kutwa nzima kwenda Kigoma amechoka kuliko wewe, na hana maili hata moja.

Wakili wa Kijiweni

Mleta uzi, mfano wako wa pipi ni mtamu ila kisheria hauko salama hivyo.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura 345, kwenye sehemu ya uwakala, imejengwa juu ya kanuni ya zamani: wakala humkabidhi mkuu wake kile alichokipokea kwa niaba yake, na hajitengenezei faida ya pembeni bila mkuu kujua. Kwa waajiriwa kanuni ya aina hiyo tumeirithi kutoka Uingereza, na kesi yake tamu kuliko zote ni ya sajini Reading. Huyu alikuwa kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza, Cairo, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wafanyabiashara wa magendo ya pombe walikuwa wanamkalisha ndani ya lori akiwa na sare, lori linapita bila polisi kulipekua. Akavuna takriban pauni 20,000, hela nyingi mno kwa wakati ule. Jeshi likazitwaa. Alipomaliza kifungo akaishtaki Serikali arudishiwe. Mwaka 1951 akashindwa hadi ngazi ya juu kabisa. Hoja yake ilikuwa Serikali haikupoteza hata senti. Majaji wakamwambia hilo halina uzito: ulichokipata umekipata kwa sare na cheo, hivyo ni cha mwajiri.

Sasa rudi kwenye maili. "Ofisi haijapoteza kitu" ndiyo hoja ambayo kila msafiri huanza nayo. Kwa Reading haikumsaidia.

Tofauti ipo, siikatai. Reading alipewa hela ili avunje sheria, na kwa siri. Maili hutolewa hadharani kwa kila abiria. Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mteja ni moja: mwajiri anajua? Akijua na akakubali, faida si ya siri tena na mjadala umekwisha. Ndiyo maana mkaguzi wako anataka iandikwe. Huyo ndiye mwenye akili kuliko wote kwenye kikao chenu.

Bi Transiti

Yaani kutoka vipeperushi vya mradi hadi magendo ya pombe Cairo. Haya.

Mtu wa Hamburg

Nipo Ujerumani, huku hili lilishaamuliwa. Tarehe 11 Aprili 2006 Mahakama ya Shirikisho ya Kazi, iliyopo Erfurt, iliamua kwamba maili za Miles & More (mpango wa Lufthansa) alizopata mfanyakazi kwa safari zilizolipwa na mwajiri ni za mwajiri. Mwajiri akitaka, mfanyakazi azitumie kwa safari nyingine za kazi. Msingi wake ni uleule aliousema Wakili: ulichokipata katika kutekeleza kazi ya mwenzio, mkabidhi.

Lakini usisome hukumu ukaishia hapo. Mwajiri akiruhusu, mfanyakazi anabaki nazo, na waajiri wengi wanaziacha kwa sababu kuzifuatilia ni usumbufu kuliko faida yake. Sheria ya kodi nayo imelifikiria: zawadi za aina hii hazitozwi kodi hadi euro 1,080 kwa mwaka.

Waliochomeka kweli ni wanasiasa. Mwaka 2002 gazeti la Bild lilianika wabunge waliotumia maili za safari za kibunge kwa safari binafsi, wakati utaratibu wa Bunge ulitaka zitumike kikazi tu. Gregor Gysi akajiuzulu useneta wa uchumi wa jiji la Berlin. Cem Özdemir naye akaachia nafasi yake. Huyu Özdemir alikuja kurudi na kuwa waziri wa kilimo mwishoni mwa 2021, kwa hiyo maisha yaliendelea, lakini fikiria: mtu kapoteza cheo kwa maili. Kilichowaponza ni kwamba utaratibu ulikuwepo na wanaujua.

Kitunguu Swaumu

Huku kwetu mtu hajiuzulu hata kwa tiketi yenyewe.

Dada wa Minneapolis

Marekani wao walikwenda njia ya kinyume. Kwa miaka mingi maili za mtumishi wa serikali kuu zilihesabiwa mali ya serikali. Kilichofuata ndicho unachokidhania: mtu akiambiwa maili si zake, hana sababu ya kujisumbua kuzikusanya wala kuzitunza hesabu. Desemba 2001 Bunge likabadilisha sheria, mtumishi akaruhusiwa kubaki nazo kwa masharti mawili: awe amezipata kwa vigezo vilevile vya raia yeyote, na serikali isiwe imelipa zaidi kwa sababu yake. Mwaka uliofuata mamlaka ya kodi ikatangaza kwamba haitamwandama mtu kwa kodi ya maili za safari za kikazi.

Hilo sharti la pili mleta uzi ulichukue kama lilivyo. Ndiyo sukari yako hiyo.

Dereva wa Hilux

Naomba niwaulize nyie wa Geneva na Washington.

Kituo cha mafuta kina kadi ya pointi. Kila ukijaza unaswaipu, pointi zikifika kiasi fulani unapewa oili au vocha ya dukani. Dereva mwenzangu, asasi nyingine siyo yangu, alikuwa anaswaipu kadi yake kila akijaza gari la ofisi. Mhasibu akaliona. Kijana akaandikiwa barua ya wizi, akaondoka bila mafao ya maana.

Ofisi hiyohiyo mkuu wao alimpeleka mama Dubai kwa maili za safari za ofisi, akalisimulia mwenyewe kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka na watu wakapiga makofi.

Nielezeni tofauti. Mimi elimu yangu ya kawaida, labda siioni.

Mstaafu Mtarajiwa

Tofauti ni kwamba kila mtu na urefu wa kamba yake, mdogo wangu.

Mzee wa Masurufu

Dereva, nimetafuta tofauti ya maana nikaikosa. Mtu anaweza kusema dereva ndiye anayechagua kituo, tena anaweza kujaza kuliko inavyohitajika ili pointi zipande. Sawa. Lakini mkuu naye ndiye aliyechagua ndege, na anaweza kujiandikia safari isiyo na ulazima, ambayo ni ghali kuliko lita kumi za dizeli. Ikiwa kuna tofauti basi inamwelemea mkuu.

Kama sera inasema maili ni za msafiri, basi pointi za mafuta nazo ni za dereva, kwa masharti yaleyale: kituo kimechaguliwa na ofisi, lita zinalingana na kilomita za kwenye kitabu cha gari. Kama inasema zirudi, zirudi zote, kuanzia juu.

Wa Nakuru

Jirani hapa kutoka Kenya. Hilo la dereva limenikumbusha Bonga Points, zile pointi za Safaricom, kampuni ya simu. Laini ya ofisi ukiitumia, kila shilingi 10 inakupa pointi moja, na tangu 2020 unaweza kulipia bidhaa dukani kwa hizo pointi. Nimeona ofisi ambapo anayeshika simu ya kampuni ananunulia nyumbani unga na mafuta ya kupikia kwa pointi za kampuni, na hakuna aliyewahi kuuliza. Si mwizi, hakuna tu aliyemwambia ni za nani.

Kwa maafisa wa serikali mambo ni mengine. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 76, inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli rasmi ni zawadi ya Jamhuri. Wapo wanaosema maili ziingie humo. Mimi naona wanavuta sana kamba. Ibara ile inamlenga mtu anayempa waziri saa ya dhahabu kwa sababu ni waziri. Emirates hawajui wala hawajali kama wewe ni waziri, wamekupa sawa na yule mama wa mitumba anayekwenda Guangzhou kufunga mzigo.

Mstaafu Mtarajiwa

Kwa serikali shida kubwa haijawahi kuwa maili. Novemba 2015 Magufuli alipofungua Bunge alisoma gharama za safari za nje za miaka miwili ya fedha: zaidi ya shilingi bilioni 350, tiketi, mafunzo na posho kwa pamoja. Hakuna aliyesafiri kwa ajili ya maili hapo. Watu walikuwa wanasafiri kwa ajili ya kusafiri.

Mama Zabuni

Nimewasoma wote, mmezunguka mlango bila kuingia. Mimi ni afisa manunuzi, tiketi zinapita mezani kwangu.

Hakuna msafiri anayekuja kusema "nipe Turkish kwa sababu ya maili zangu". Anakuja na sababu nzuri. Kikao kinaanza mapema, hivyo ndege ile ya bei nafuu itachelewa. Ratiba inaweza kubadilika, hivyo nikatie tiketi inayobadilishika. Hii ya pili ndiyo tamu, kwa sababu tiketi inayobadilishika si ghali tu, inaleta na maili nyingi zaidi: Emirates hawakupi maili sawa kwa Saver (tiketi ya bei ya chini) na Flex Plus (inayobadilishika) ya ndege moja. Flying Blue tangu Aprili 2018 hawahesabu umbali kwa tiketi zao, wanahesabu euro zilizolipwa, maili 4 kwa kila euro kwa mwanachama wa ngazi ya chini na zaidi kwa wa juu. Maana yake kadiri ofisi inavyoumia, msafiri ananawiri. Zamani ulilipwa kwa kukaa angani. Sasa unalipwa kwa ughali wa tiketi, na anayelipa si wewe.

Na hilo bado ni dogo. Mnasahau hoteli. Minyororo mikubwa ya hoteli ina mipango ya kumpa pointi yule anayeleta mkutano. IHG Business Rewards, kwa mfano, inamzawadia anayewabukia wengine vyumba na kumbi, hata kama yeye hatalala pale. Semina ya watu themanini, vyumba, chai mbili, ukumbi, chakula cha mchana, na pointi zinamwendea mratibu mmoja aliyeamua tukafanyie pale. Bi Transiti angalau alikaa kwenye kiti. Huyu hakukaa popote. Mimi hiyo siiiti maili, naiita asilimia kumi iliyovaa suti. Mwenye madaraka ya kuchagua mzabuni asipokee kitu chochote kwa mzabuni, basi. Hapo nipo upande wa sajini kunyang'anywa.

Mambo ninayofanya ofisini kwangu ni haya. Profoma tatu kwa kila safari ya nje, na wakala anatumiwa ombi bila jina la shirika la ndege wala namba ya uanachama. Tukishachagua, ndipo msafiri anampa wakala namba yake. Inawezekana pia kuiingiza uwanjani wakati wa kukaguliwa tiketi. Anayetaka ndege ghali zaidi anaandika sababu na bosi wake anasaini, si mimi.

Na mkurugenzi anayetaka ofisi nayo ipate, mwambieni asiwanyang'anye watu. Kuna mipango ya makampuni inayokwenda sambamba na ya msafiri: Emirates Business Rewards, bluebiz ya Air France na KLM, na mingine. Kampuni inasajiliwa yenyewe, inapata pointi zake kwa tiketi ileile, na msafiri anapata zake. Ofisi nyingi hapa mjini hazijajisajili, halafu zinagombana na watumishi.

Bi Transiti

Mama Zabuni, ombi bila jina la shirika nimelikubali. Ila usinikatie tiketi yenye vituo vitatu ili kuokoa dola arobaini, halafu nifike kikaoni nasinzia. Bei nafuu iwe na mpaka.

Mama Zabuni

Mpaka upo. Zaidi ya kituo kimoja cha kubadilishia ndege siangalii hiyo bei, na kusubiri usiku kucha uwanjani pia nimekataza.

Mtu wa Hamburg

Niongeze moja kwa mleta uzi, maana inashabihiana na hoja yako. Norway mwaka 2002 mamlaka yao ya ushindani ilipiga marufuku kutoa maili kwenye safari za ndani ya nchi. Hawakuuliza maili ni za mfanyakazi au za bosi. Waliona wasafiri wa kazini wanang'ang'ania shirika kubwa kwa sababu ya pointi, na shirika jipya lenye nauli ya chini halipati abiria. Marufuku ikadumu hadi 2013.

Mzee wa Masurufu

Hili sikulitegemea. Kumbe nchi nzima ililiona kama suala la nani anachagua.

Wakuu, nimepata cha kupeleka kikaoni. Maili na hadhi za safari ni za msafiri, kwa ruhusa ya maandishi ya mwajiri, ili Wakili asije akanifungulia jalada la Cairo. Ndege inachaguliwa kabla namba ya uanachama haijatajwa, kwa utaratibu wa Mama Zabuni, pamoja na mpaka wa Bi Transiti. Pointi za mafuta na za laini za ofisi ni za anayetumia, kwa masharti yaleyale, na hakuna atakayeandikiwa barua kwa kuswaipu. Pointi za mikutano na semina, marufuku kwa mtu yeyote, mkurugenzi akiwemo. Ofisi ijisajili kwenye mipango ya makampuni kabla ya mwisho wa robo hii.

Wakili wa Kijiweni

Na mfadhili? Angalia mkataba wa ruzuku kabla ya kumpelekea mkurugenzi. Wafadhili wengine wana kifungu kinachotaka punguzo na marejesho yote yanayotokana na hela yao yarudi kwenye mradi. Pointi za bluebiz zikiingia ofisini kutokana na tiketi za mradi A zikanunulia tiketi ya mradi B, hapo utakuwa umetoka kwenye kesi ya msafiri ukaingia kwenye kesi ya asasi.

Mzee wa Masurufu

Duh. Hilo hatujalifikiria kabisa. Mikataba ipo mitano, naanza kuisoma usiku huu.

Kitunguu Swaumu

Na maili za zamani, ambazo watu wameshazikusanya kabla ya sera?

Mama Zabuni

Ziacheni. Sera haianzi jana.